Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule, wazazi wamesusa mikutano. Naanzia wapi?

MamaMzani (Mbozi)

Heshima kwenu wakuu, na walionizidi umri shikamooni.

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na maharage, nipo Mbozi, kijiji kimoja kando ya barabara ya Mlowo kwenda Kamsamba. Jina la shule kapuni. Ni shule ya msingi ya serikali, ina wanafunzi 412. Mwezi wa kwanza nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule kwenye mkutano ambao hata sikuwepo. Nilikuwa Mlowo napakia mzigo, simu ikalia, naambiwa "hongera mwenyekiti". Mwenyekiti wa nini tena? Nadhani walinichagua kwa sababu nina mzani na sioni haya kudai changu.

Hali niliyoikuta ni hii. Kuna boma la vyumba viwili lililojengwa kwa nguvu za wananchi, limeishia kwenye lenta. Mvua za msimu uliopita zimelinyeshea lote, tofali za juu zimeanza kumomonyoka, mbuzi wa majirani wamelifanya zizi. Huku darasa la tatu wanakaa 118 chumba kimoja. Mwalimu akitaka kusahihisha daftari za watoto wa nyuma anatoka nje, wanampitishia dirishani. Sitanii.

La pili ni chakula. Mkutano wa mwaka jana ulikubaliana kila mtoto debe moja la mahindi na kilo sita za maharage kwa mwaka. Karibu nusu wameleta, waliobaki wako kimya. Makande yanapikwa, na sasa walioleta wanataka watoto wao tu ndio wapakuliwe. Mzee mmoja alisimama akasema asiyechangia mtoto wake akae chini ya mwembe anuse. Mwalimu mkuu yuko njia panda: akiwapa wote, waliochangia watagoma mwakani, akiwanyima wengine, anaogopa akisikika wilayani kibarua kitaota nyasi.

La tatu ni mikutano yenyewe. Kijiji kina kaya zaidi ya mia tatu. Mkutano wa mwisho walikuja watu 31, wengi wao ni bibi zetu waliotumwa na vijana wao wakasikilize. Ukimkuta mtu njiani ukamuuliza, jibu ni moja: "Elimu bure, serikali ilishasema."

Naomba mwenye uzoefu anieleze, kisheria mchango unaruhusiwa au hauruhusiwi? Na hawa watu unawarudishaje? Tafadhali msiniambie "hamasisha jamii". Hilo nimeambiwa na kila afisa aliyepita hapa na gari.

---

mama_wanne

Mwenyekiti, mimi ni mmoja wa hao wasiokuja. Siyo kijiji chako, lakini tabia ni ileile, kwa hiyo ngoja nikwambie upande wetu.

Kwetu mkutano wa wazazi unaitishwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Mtu una genge, unafunga, unafika, mnakaa juani hadi saa sita anasubiriwa mgeni rasmi. Mgeni akifika, ajenda ni moja: mchango. Mwaka 2016 lilipokuja lile agizo la kila mtoto aketi kwenye dawati, nilichangia. Baadaye nikachangia choo. Baadaye tena nikachangia mlinzi. Hakuna siku hata moja mtu alisimama akasema: zile hela zenu zilikuwa kiasi hiki, tulinunua hiki, zimebaki hizi. Nilipouliza risiti nikaitwa mkorofi, mwanangu akaja kuniambia ticha amesema darasani mama yako ana maneno mengi.

Toka siku hiyo mimi namlisha mwanangu nyumbani, namnunulia daftari, namkagua homuweki. Mkutanoni hamnioni.

Halafu mnaitana ushirikiano wa shule na jamii. Ushirikiano gani wa mtu mmoja kuwa na mfuko na mwingine kuwa na daftari lisilofunguliwa?

---

Mstaafu_wa_Chaki

Marahaba MamaMzani. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, Ileje kwanza na baadaye Rungwe, sasa nalima parachichi na kubishana na watu mitandaoni. Nitajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Sheria kwanza, maana hapo ndipo watu wanapopigana chenga. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ndio uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukaja kufafanua nani anabeba nini. Serikali inabeba ruzuku, mishahara, mitihani. Mzazi wa mtoto wa kutwa amebakiwa na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula. Ndiyo, chakula. Anayekwambia "elimu bure" hadi kwenye sufuria hajausoma. Januari 2018 Hayati Magufuli alipiga marufuku michango iliyokuwa imerudi kwa mlango wa nyuma, na msimamo tangu hapo ni kwamba mwalimu asishike fedha ya mchango na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Wananchi wenyewe kukaa, kukubaliana na kuchangia kwa hiari hakujakatazwa popote.

Kwa hiyo mwalimu mkuu wako ana haki ya kuogopa. Mtoto hahukumiwi kwenye foleni ya makande. Deni ni la mzazi, lidaiwe kwa mzazi, mkutanoni au barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ukianza kutenganisha watoto kwa sahani, hata wale walioleta debe watakuja kukulaumu siku mtoto wa jirani akianguka kwa njaa.

Sasa twende kwenye kile alichosema mama_wanne, kwa sababu yeye amekujibu swali lako kuliko mimi. Je, wazazi wako wanajua shule inapokea kiasi gani kutoka serikalini? Waulize. Watakwambia mamilioni. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inayofika kwenye akaunti ya shule. Watoto 412 mara 6,000 ni 2,472,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi kumi na miwili: shilingi 206,000 kwa mwezi. Hapo ununue chaki, karatasi, ukarabati kitasa, uendeshe mitihani ya ndani, usafirishe timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mwenyekiti mmoja wa kamati niliyefanya naye kazi alipoiona hesabu hiyo alisema yeye dukani kwake hutumia zaidi ya hapo kwa mwezi.

Hiyo hesabu iweke ukutani. Kwetu Rungwe tulipaka rangi nyeusi ubao mmoja kwenye ukuta wa ofisi, ule unaotazama njia ya kwenda mashine ya kusaga. Siyo ndani ya ofisi, siyo kwenye ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Njiani. Safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Fedha za serikali juu, za wananchi chini, hazichanganywi. Kila mwisho wa mwezi mwenyekiti wa kamati anaandika kwa mkono wake, siyo mimi.

Wiki za mwanzo hakuna aliyesimama. Kisha bibi mmoja asiyejua kusoma, ndoo ya mahindi kichwani, akamsimamisha mjukuu wake wa darasa la tano amsomee. Mtoto anasoma kwa sauti ya darasani: "Ba-wa-ba kumi na mbi-li." Bibi akashusha ndoo, akaja mlangoni kwangu. "Mwalimu, shikamoo yako siitaki leo. Umeweka milango miwili. Mlango bawaba tatu. Sita nyingine zimelala kwa nani?" Nikafungua stoo, nikamtolea boksi, akazihesabu moja moja zote sita, akazifunga kwa kanga nusura aondoke nazo. Mkutano uliofuata yule bibi alifika na wanawe wawili ambao nilikuwa sijawahi kuwaona shuleni tangu nihamie pale. Hakuwaleta kwa sababu ya hotuba yangu.

Kuhusu chakula, wewe ndiye mwenye mzani, hesabu hii utaielewa kuliko afisa yeyote. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja ukimpimia gramu 100 za mahindi kwa siku, mwaka mzima anakula kilo 19.4. Hilo ni kama debe lililojaa hadi juu. Maharage gramu 30 kwa siku ni kilo 5.8. Kwa hiyo makubaliano yenu ya debe na kilo sita hayakutoka hewani, aliyeyapanga alikuwa na akili. Lakini maana yake pia ni kwamba hakuna cha ziada. Nusu wasipoleta, chakula kinakwisha katikati ya mwaka, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Waambie watu hiyo hesabu kwa gramu, usiwaambie "tuchangie lishe".

Halafu angalia mnakusanya lini. Ukisubiri Januari umekwisha. Januari mzazi ana sare na mbolea ya kukuzia mkononi, na mahindi ghalani yamebaki ya kula. Kusanyeni mwezi wa saba, mahindi yakiwa yametoka shambani na bei iko chini, mtu hasikii uchungu wa debe. Kwa kuhifadhi usije ukafundishwa na mimi, ila wale wadudu wanaowaita Skania hawajui kwamba chakula ni cha watoto.

Asiye na debe kabisa yupo, na kijiji kinamjua. Mjane, mzee anayelea wajukuu, kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Mkutano useme wazi kwamba huyu ataleta kuni, yule atateka maji, huyu hatadaiwa kitu. Kikisemwa na mkutano ni uamuzi. Mkikifanya wewe na mwalimu mkuu mlango umefungwa, kitaitwa upendeleo.

Nimeandika sana. Boma wawajibu mafundi.

---

FundiLenta

Nimeitwa nimekuja.

Dada, kabla hujachangisha hata shilingi ya kumalizia, nenda halmashauri ukamlete mhandisi aone hilo boma. Swali la kwanza atakalouliza: mlijenga kwa ramani ya nani? Nimeona maboma mengi mikoa hii yamejengwa na wananchi kwa moyo wote, chumba kimebanwa, madirisha madogo, msingi haukukaguliwa. Halmashauri ikifika inakataa kumalizia, na ukiangalia kitaalamu haijakosea, nani ataweka saini chini ya paa hilo? Kama ramani ni ya serikali na mhandisi akaridhika, mwambie aandike. Hiyo karatasi ni dhahabu.

Ukishaipata, boma liingizwe kwenye mpango: kamati ya shule, serikali ya kijiji, kamati ya maendeleo ya kata (WDC), halmashauri. Utaratibu wa siku zote ni wananchi wanasimamisha kuta, serikali inaezeka na kumalizia. Miaka ya karibuni kiasi kilichokuwa kikitolewa kwa boma la chumba kimoja ni milioni 12.5. Ukilinganisha, vile vyumba vya fedha za UVIKO mwaka 2021 vilijengwa kwa milioni 20 kimoja kuanzia chini. Kwa hiyo kuta zenu zina thamani kubwa, msiziache ziyeyuke.

Na zinayeyuka kweli. Tofali la kuchoma halina shida na mvua ya pembeni, shida ni maji yanayoingia kwa juu kwenye kichwa cha ukuta yakashuka katikati. Tafuteni nailoni au mabati chakavu, mfunike juu, mwekeleze mawe. Kazi ya asubuhi moja ya vijana wanne. Mbuzi fungieni miiba.

Jambo jingine ambalo vijiji vingi vinalipuuza: daftari la nguvukazi. Nani alileta tripu ya mchanga, nani alisomba mawe, nani alichimba msingi siku ngapi. Andikeni majina. Mtu asiye na hela lakini alichimba msingi akikuta jina lake halipo popote, na la aliyetoa elfu kumi limesomwa na kipaza sauti, mwakani humpati. Na ukienda halmashauri kuomba fedha, hilo daftari likithaminishwa ndilo linaloonyesha wananchi wameweka kiasi gani.

Fedha ikija itakuja kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani mnanunua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe bila mkandarasi. Mtaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo wanawekwa wapole. Weka watu wabishi. Wahesabu saruji mfuko kwa mfuko gari likiwa bado limesimama, siyo kesho yake.

---

mama_wanne

Mstaafu, shikamoo. Ubao wako mzuri, lakini ubao nao unaandikwa uongo. Nitajuaje kwamba 206,000 iliingia kweli na siyo pungufu au zaidi? Na hizo za wananchi nitajuaje hazijapunguzwa kabla hazijafika ubaoni?

---

Mstaafu_wa_Chaki

Marahaba mama_wanne. Swali la haki, na ndiyo maana nilisema aandike mwenyekiti wa wazazi.

Enzi zangu akaunti ya shule iliwekwa saini na watu wawili, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati. Hundi haikutoka bila mwenyekiti kusaini. Kwa hiyo MamaMzani ana haki ya kuona taarifa ya benki kila mwezi, na mkutano una haki ya kumwambia ailete. Ailete karatasi yenyewe, isomwe, ipitishwe mkono kwa mkono. Matumizi pia yanaingizwa kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa hesabu za shule na zahanati, halmashauri wanayaona, hivyo ukutani kukiwa na namba tofauti kuna mtu wa kuulizwa.

Fedha za wananchi zisipitie kwenye simu ya mtu. Hapo ndipo palipoua mambo mengi. Kuna watoto wa kijiji wako Tunduma, Mbeya, Dar, wana kundi lao la WhatsApp la waliosoma pale, wana hamu ya kusaidia, wanaambiwa "tuma kwa namba ya mwalimu fulani". Anatuma wa kwanza, wa pili anauliza maswali, kundi linakufa. Waingize benki kwenye akaunti ya shule au ya kijiji, picha ya karatasi ya benki ndiyo risiti yao, na jina liandikwe ubaoni. Serikali ya kijiji nayo inatakiwa kusoma mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Mapato ya shule yasomwe hapohapo, maana kwenye mkutano mkuu wanakuja hata wasio na watoto shuleni, na hao ndio wenye matrekta.

Mwalimu aliyemsema mzazi mbele ya mwanawe darasani alistahili kuitwa na kamati. Hilo halina mjadala.

---

Dawida254 (Taita)

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi ni mzazi Taita, nimekuwa kwenye chama cha wazazi kwa muda, nikaona niseme neno moja.

Huku kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilileta bodi ya usimamizi, BOM, na kando yake chama cha wazazi ambacho kila darasa lina mwakilishi wake. Sheria hiyohiyo inasema mtoto asikataliwe darasani kwa sababu ya malipo, na anayepokea pesa lazima atoe risiti rasmi. Kwamba sheria inafuatwa kila mahali, hilo msiniulize, nina watoto wawili sekondari na najua ninacholipa.

Lakini lile la mwakilishi wa darasa ndilo limetusaidia. Mzazi wa mtoto wa gredi ya tatu hataki kusimama mbele ya watu mia mbili kuuliza kuhusu shule nzima. Anataka kumuuliza mtu mmoja, jirani yake, mbona gredi ya tatu wamekaa chini. Mkiwa wazazi arobaini wa darasa moja mnajuana, hakuna mgeni rasmi, mnakaa jioni dakika chache mnamaliza. Nusu ya mambo yenu hayafiki mkutano mkubwa. Wanaume pia huja zaidi, sijui kwa nini, pengine kwa sababu hakuna viti vya mbele.

---

FundiLenta

Dawida, hiyo hata huku ipo, tunaiita UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu, kila darasa linachagua wazazi wake. Shule nyingi iko kwenye faili tu, ikitajwa siku ya ukaguzi. MamaMzani kaangalie faili lako, huenda mna wajumbe ambao wenyewe hawajui kama ni wajumbe. Kama wewe ulivyochaguliwa upo Mlowo.

---

MamaMzani

Wakuu nawashukuru. Fundi umenichekesha, maana nimeenda kuangalia faili na ni kweli. Wajumbe wa UWAWA wameandikwa kwa kalamu nzuri kabisa, mmoja wao alishahamia Chunya kwenye machimbo.

Nieleze niliyoyafanya na pale ninapobisha.

Hesabu ya 206,000 nimekaa nayo na mwalimu mkuu. Mwanzoni alikunja uso, akadhani namchimba. Nilipomwambia kwamba inamlinda yeye kuliko mtu yeyote, akaniambia kuna mwezi alinunua kitasa kwa hela yake mfukoni. Hilo nalo tutaliandika. Ukuta tuliouchagua ni wa darasa la saba, unatazama kisima.

Mahindi: hapo mwalimu Mstaafu umegusa kazi yangu. Kilichokuwa kinafanyika ni kwamba kila mzazi analeta debe lake, na debe la kijijini lina mambo yake. Wengine lina kisosi kwa juu, wengine limebonyea tumboni. Wengine mahindi mabichi, unyevu unaona kwa macho, unayatia stoo moja na makavu yote yanaota ukungu. Mwezi wa saba naleta mzani wangu, kila mtu anapimiwa kilo, anaandikwa kilo, yaliyo mabichi anayarudisha akayaanike. Tutaweka kwenye mifuko ya kinga mdudu. Kamati imelalamika mifuko ni ghali, nimewaonyesha gunia moja la mwaka jana lililobaki unga wa Skania, wakanyamaza.

Ninapobisha ni kwenye kuwasomea majina wadaiwa mkutanoni. Kijiji chetu watu wanaoneana haya, mtu akitajwa jina mbele za watu anahamishia mtoto shule ya jirani, na pengine wanarogana, tusidanganyane. Mimi nitawasoma walioleta. Aliyekosekana atajijua mwenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji atampitia kimyakimya. Madeni ya mahindi nimedai miaka yote, najua kudai bila kipaza sauti.

Mikutano tumeihamishia Jumapili saa nane baada ya ibada, na mgeni rasmi hakuna. Darasa la tatu ndio tumeanza nao, wao wenyewe kwanza, kama alivyosema ndugu yetu wa Taita. Walikuja wazazi 46, na hawakuzungumzia mchango kabisa. Walizungumzia dirisha.

Mhandisi ameahidi kuja, tarehe hajatoa. Nailoni tumefunika.

Sasa swali jipya. Jiko letu ni mafiga matatu na kuni. Mwalimu mkuu anasema kuna agizo la serikali kwamba taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 kwa siku iachane na kuni na mkaa. Sisi tunalisha mia nne. Na wewe Mstaafu umeniambia asiye na debe alete kuni. Tunafanyaje?

---

Mstaafu_wa_Chaki

Umenibana hapo mwenyekiti, agizo lipo kweli. Kuhusu majina, kijiji ni chako, unakijua.

Usikimbilie gesi kabla hujapiga hesabu. Makande ni chakula cha saa nyingi motoni, mtungi utaisha kabla ya maharage kuiva. Loweka mahindi na maharage tangu jana yake, hiyo inakata muda sana, na haina gharama zaidi ya ndoo. Kisha andika barua halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Kata, eleza idadi ya wanafunzi, chakula mnachopika na nishati mnayotumia sasa, uliza shule yenu imepangiwa nini kwenye utekelezaji wa agizo hilo na nani anagharamia. Barua ipokelewe kwa muhuri, nakala ubaki nayo. Wakati mnasubiri, mtafute fundi wa majiko banifu ya kujenga kwa tofali, mnazo pale chini ya boma zilizobaki. Lina bomba la moshi, linatumia kuni chache mno kuliko mafiga, na mpishi hatatokwa machozi.

Asiye na debe abadilishiwe kutoka kuni kwenda maji.

---

mama_wanne

Kulowekwa sawa, ila ndoo ziwe na mifuniko. Na huyo mpishi analipwa na nani? Maana hilo nalo huwa mnalisahau hadi aache kazi.

---

MamaMzani

Analipwa elfu hamsini kwa mwezi kutoka kwa wazazi, na ana miezi miwili hajapata. Liko kwenye ajenda ya Jumapili, namba moja, kabla ya boma.